Gari la Didia lililokataa kuamka

Vijana wangu wa gereji, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nilipokabidhi funguo za kabati la spana mnapita hapa nyumbani Ngokolo mmoja mmoja, mkisema mmekuja kunijulia hali, na kabla chai haijapoa mtu ameshaniuliza kwa nini lori fulani linatoa moshi mweusi. Mke wangu amesema afadhali niandike, ili mkija mje kunijulia hali kweli. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara msitegemee kuzikuta hapa. Vyeo sikuvipenda, na mshahara haukunipenda mimi.

Nilianzia Geita. Enzi hizo kila kijana aliyetoka Shinyanga kwenda kule alikwenda kutafuta dhahabu, na mimi sikuwa na akili tofauti. Niliingia shimoni mara chache, nikagundua kwamba naogopa giza, nikajipeleka mwenyewe kwenye karakana ya mkandarasi mmoja aliyekuwa na malori ya kubeba mawe. Siku ya kwanza nilipewa ndoo ya dizeli na brashi nioshe vyuma. Jioni nilinuka kiasi kwamba mama mwenye nyumba niliyopanga aliniwekea ugali wangu nje ya mlango. Nilimchukia kwa hilo, lakini baadaye nilimwelewa. Hata hivyo mpaka leo nikipita karibu na kituo cha mafuta nasikia harufu ile na moyo unatulia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo ilikuwa imeshaacha kuwa nyeupe. "Dizeli haina cheche," alikuwa akituambia. "Inawaka kwa kubanwa. Ikikosa joto haiwaki, ikikosa mafuta haiwaki, na hewa ikiingia mahali pa mafuta haiwaki. Mengine yote ni kelele." Mfukoni alikuwa na kipande cha mpira mwangavu, mfano wa ule wa dripu, ambacho alikichomeka kwenye njia ya mafuta ili aone kwa macho kinachopita mle ndani. Mashine za kupimia zilipokuja, zenye vioo na waya, hakuzibeza. Alizitumia vizuri tu, na mpira wake ukabaki mfukoni. Alinifundisha pia kumuuliza dereva maswali. Usimuulize gari lina nini, alisema, kwa sababu angejua asingekuja kwako. Muulize yeye huwa anafanya nini.

Aliporudi kwao Tabora nilimsindikiza hadi stendi. Akanipa ule mpira, nami nikalia mbele ya wapiga debe. Walinicheka, na sikujali.

Nikarudi Shinyanga, nikafanya kazi pale gerejini mnapopajua, na miaka ikapita kama inavyopita. Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Nyingine mlizishuhudia wenyewe na mnazisimulia vibaya. Nataka niwaandikie moja tu, ya mwaka wangu wa mwisho kazini, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka nikiamka.

Mtu wa Njombe akinisikia naitaja baridi ya Shinyanga atacheka. Lakini nendeni Didia mwezi wa Julai, alfajiri, mpunga na mtama vimeshavunwa na hakuna cha kuuzuia upepo. Hiyo mbeho, kama wanavyoiita wenyewe, inaingia mpaka kwenye magoti. Magoti yangu yanaifahamu sana.

Kule Didia aliishi Masanja. Alifanya kazi ya kuchoronga miamba Geita, akajinyima, akanunua pikapu ya dizeli iliyokuwa karibu mpya; viti bado vilikuwa na nailoni zake, na hakutaka zitolewe. Aliiendesha msimu mmoja wa baridi bila tatizo lolote. Mvua zilipoanza aliugua, na kabla hazijaisha tukamzika. Aliacha mke, Mama Kulwa, na mapacha wao, na mama yake mzazi, Mama Masanja, ambaye nyumba yake ipo kwenye ua huo huo, hatua chache kutoka getini.

Mama Kulwa alijifunza kuendesha, na kwa gari lile akaanza kukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka mjini asubuhi. Kazi ilimkubali. Kisha baridi ikaingia, na gari likaanza kugoma.

Alinipigia simu. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Kulwa. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Fundi, gari limenishinda. Likishapata jua linawaka lenyewe, utadhani halikuwa na neno. Asubuhi ndiyo linagoma. Na maziwa hayasubiri jua."

Nilimwambia alilete. Akalileta, mchana, na likawaka kila nilipoligusa. Akalirudisha, asubuhi likagoma. Fundi mwingine alishambadilishia betri, mwingine alishafungua stata. Alipokuja mara ya pili hakukaa kwenye benchi. Alisimama karibu na mlango wa gari, mkono juu yake, akaniambia kwa sauti ya chini.

"Ukweni wanasema limenikataa. Shija, mdogo wake marehemu, anasema gari lilizoea mkono wa mwanaume. Jumapili wanakaa kikao. Likiwa bado linagoma, analichukua yeye."

"Na maziwa?"

"Maziwa nitayabeba na nini? Nitarudi kwetu tu, fundi. Pale nyumbani nitakuwa nakaa kama nani?"

Sikiliza, kijana unayesoma haya. Gari lenye ugonjwa wa asubuhi usilipime mchana. Nilifungasha spana zangu, nikaenda Didia, nikalala kwa jirani yao mmoja tuliyefahamiana zamani.

Siku ya kwanza nilisimama tu nikamtazama anavyofanya. Alitoka ndani, akaenda mlangoni kwa mama mkwe wake, akapiga magoti na kumwamkia. Yule mama akaitikia kutoka kivulini, kwa kifupi, akarudi ndani. Mama Kulwa akaja akaingia garini, akawasha swichi, akasubiri ile taa ya msokoto, ya kuonyesha injini inapashwa moto, izime kama inavyotakiwa, akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikushika. Akazima swichi haraka asimalize betri, akajaribu tena, hivyo hivyo.

Nikaanza na joto. Hita, yaani zile plagi za kupasha moto, nilizipima zote kwa testa, zikawa nzima. Mashine ya kupimia haikuona kosa. Nilimuuliza Mama Kulwa yale maswali ya Mzee Hamisi: huwa unafanya nini jioni, unaegesha wapi, asubuhi unaanza na nini. Alinijibu yote kwa utaratibu wa mtu aliyeshajichunguza mwenyewe, na sikuona mahali anapokosea. Jua lilipopanda gari likawaka. Maziwa yalikuwa yameshaondoka kwa bodaboda, kidogo kidogo, mengine yakamwagika njiani.

Siku ya pili, Jumamosi, nilisema nitakaa mwenyewe kwenye usukani. Shija alikuja, amekunja mikono kifuani. Msimwone mbaya. Alimpenda kaka yake, na alikuwa anaona mali ya kaka yake inahangaika. Niliingia, nikafunga mlango, nikachomeka funguo, na hapo nikamwona Mama Masanja anakuja.

Mapacha waliniambia baadaye kwamba tangu mazishi bibi yao hakuwahi kulisogelea lile gari. Sasa alikuja moja kwa moja mpaka dirishani, kanga mabegani, midomo inasema lakini mimi sisikii kwa sababu kioo kimepanda. Vioo vya magari haya ni vya umeme. Ikabidi niwashe swichi ndipo kishuke.

"Mwangaluka, fundi," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mmeamkaje?" Mayu kwetu ni mama.

"Mhola, salama tu. Ukirudi mjini utafika Kolandoto?"

"Nitafika, mayu."

"Kuna binti yangu pale, Kabula. Mwambie kuku wake wametaga chini ya ghala, sitaki kuwagusa mpaka aje. Na dawa ya mgongo mwambie hii ya kupaka siitaki. Anitafutie ya kumeza. Ile ya kupaka inanuka, nikikaa kanisani watu wanasogea mbali nami."

"Nitamwambia."

"Usiseme utamwambia wakati sijamaliza."

Basi nikatulia. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui, lakini kwetu huwezi kuwasha injini mzazi anaongea. Haijalishi unawahi wapi. Atakayelaumiwa si wewe tu, ni mama yako aliyekulea. Kwa hiyo nilikaa, mkono kwenye funguo, na Mama Masanja akaendelea: habari za mgongo, habari za ng'ombe aliyezaa, habari za mtu aliyekopa jembe akalirudisha bila mpini. Mbeho ilikuwa inaingia dirishani na magoti yananililia. Alipofika mwisho alishusha pumzi, akagonga mlango wa gari kwa kiganja.

"Haya. Nenda sasa."

Sikuwa naenda popote, lakini nilipiga stata kwa kumtii tu. Gari likawaka hapo hapo, kwa mguso wa kwanza.

Shija akakunjua mikono. "Umeona mwenyewe, fundi," akasema. "Wewe ni mwanaume."

Mama Kulwa aligeuka akaingia ndani. Nilimwona mgongo tu, na nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya gari lililowaka.

Mama Masanja yeye hakuwa amemsikia Shija. Alikuwa bado ameshika mlango. "Masanja naye alikuwa hivi hivi," akaniambia. "Mimi neno huwa nalikumbuka mtu ameshafunga mlango. Ananishushia kioo, ananisikiliza mpaka mwisho. Ndugu zake walikuwa wanamwambia mama atakuchelewesha kazini. Anawaambia kazi ipo tu."

"Kila siku, mayu?"

"Kila siku aliyokuwa nyumbani. Sasa nani atanishushia kioo?"

Nilizima injini. Nikamwomba kila mtu anyamaze kidogo, nikawasha swichi peke yake bila kupiga stata, nikainamisha kichwa kuelekea nyuma. Ulikuwepo mlio mdogo, wa kuvuma, chini karibu na tangi. Ni ile pampu ndogo ya umeme inayosukuma mafuta mbele. Kwenye gari hili, swichi ikiwa imewashwa, inavuma muda wote hata kama injini haijawaka.

Nikashuka, nikafungua boneti, nikachomeka mpira wa Mzee Hamisi kwenye njia ya mafuta mbele ya filta. Swichi ikiwa imewashwa, mafuta yaliujaza pomoni. Nilipozima, yakasimama kidogo, kisha yakaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea tangini, na hewa ikayafuata. Pale kwenye filta palikuwa na vumbi lenye unyevu, kidogo tu, la kukuchafua ncha ya kidole. Nikafungua. Aliyefanya sevisi ya kwanza alikuwa ameikunja oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, wakati wa kufunga, akaibana hivyo hivyo. Mpira wa oringi ukipata joto unalainika na kuziba, na mafuta yanafika mbele upesi. Ukilala kwenye mbeho unakakamaa, hewa inaingia, na hadi alfajiri mafuta yote yamesharudi yalikotoka.

Nikaenda jikoni kwa Mama Kulwa, nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Gari halijakukataa," nikamwambia. "Linalala njaa. Mafuta yanarudi tangini usiku, na kuyaleta tena mbele kunahitaji muda, swichi ikiwa imewashwa. Marehemu aliupata huo muda kila asubuhi bila kujua. Alikuwa anamsikiliza mama yake dirishani, na pampu inajaza mafuta. Mimi leo nimeupata vivyo hivyo. Wewe unamwamkia mlangoni kwake, kwa magoti, kama inavyompasa mkamwana. Ukifika garini umeshamaliza maneno. Unawasha mara moja, likigoma unazima, na yale machache yaliyokuja yanarudi."

Alikuwa anakoroga kitu kwenye sufuria, akaacha kukoroga.

"Kwa hiyo si yeye?"

"Nani?"

"Masanja." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilidhani amenikasirikia, fundi. Kila likigoma nilikuwa najiuliza nilimkosea wapi wakati anaumwa. Kama kuna usiku aliniita sikusikia."

Nilimwambia Masanja asingeharibu maziwa ya watu kwa hasira, na yeye akacheka huku analia, na mimi nikaenda kufunga oringi mpya kabla sijaanza kulia na mimi.

Nilimwonyesha Shija ile ya zamani. Aliigeuzageuza kwenye vidole. "Kitu chenyewe hiki?" akasema. Kisha akanirudishia. "Mchana linawaka, fundi, hilo halina ubishi. Kesho asubuhi tutaona. Akirudi kutoka mjini tunakaa, na funguo ziwe mezani." Nilisema sawa, maana hata mimi nisingeamini kazi ya fundi kabla ya asubuhi.

Mama Masanja ndiye aliyenisumbua. Nilipomweleza, polepole, kwa Kisukuma changu cha mjini, alinisikiliza akiwa ameketi kwenye ngozi yake nje ya mlango.

"Yaani lilikuwa linangoja mimi ninyamaze?"

"Lilikuwa linangoja mafuta, mayu. Lakini ndiyo, ni kama hivyo."

"Na sasa umelitengeneza."

"Nimelitengeneza."

"Halitangoja tena."

"Halitangoja. Litawaka hapo hapo."

Akatikisa kichwa, akasema wabeja, yaani asante, kwa adabu, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama pale na spana mkononi. Miaka yangu yote ya kazi nimetoa vitu vibovu kwenye magari, na ile ndiyo mara moja niliyojiona nimemnyang'anya mtu kitu. Nilimhurumia, na dawa yake haikuwemo kwenye sanduku langu.

Jumapili alfajiri baridi ilikuwa imezidi. Ndoo za maziwa zilishapakiwa. Shija alisimama getini, mkono kwenye mnyororo, na mimi nikasimama karibu na zizi nikijifanya natazama ng'ombe. Mama Kulwa alikwenda mlangoni kwa mama mkwe, akapiga magoti, akamwamkia. Akaitikiwa. Akaja, akaingia, akafunga mlango. Taa ikazima. Akapiga stata.

Likawaka kabla hajaondoa mkono.

Niliachia pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Ijumaa. Mama Kulwa hakunitazama. Alikaza macho mbele kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka litazimika. Gari likaanza kusogea kuelekea getini, na Shija alikuwa bado hajafungua mnyororo.

Hapo mlango wa Mama Masanja ukafunguka. Alitoka anaburuta ndala, kanga imemshuka begani, mkono mmoja ameuinua. Alikuwa anasema kitu. Injini ya dizeli ikiwa baridi inanguruma, hata mimi niliyekuwa karibu naye zaidi sikusikia neno.

Mama Kulwa alimwona kwenye kioo cha pembeni. Akasimamisha gari. Kisha akazima injini.

Vijana, nusura nipige kelele. Mbele ya Shija, siku ya kikao, na mbeho ile, mtu anazima gari lililomtesa mwezi mzima. Nilijua oringi imekaa vizuri, niliifunga mwenyewe, lakini yeye hakuwa na mkono wangu. Alikuwa na neno langu tu, na asubuhi nyingi za aibu. Aliwasha swichi, akashusha kioo, akatoa mikono yote miwili kwenye usukani na kuiweka mapajani.

"Naam, mama," akasema. "Nakusikiliza."

Mama Masanja alifika dirishani akihema. Akashika mlango pale pale alipokuwa ameshika kwangu. Alianza na chumvi. Akaja kwenye viberiti. Akamwambia aulizie bei ya mchele, si kwamba tunanunua, kujua tu. Akasimulia ndoto aliyoota, ndefu, yenye mbuzi ndani yake. Mama Kulwa alikuwa anaitikia kila alipopumzika, na hakutazama saa wala ndoo za maziwa. Nilitazama pembeni kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha, na sitasingizia moshi.

Mwishoni yule mama aliingiza mkono dirishani, akamrekebishia mkwewe kitenge shingoni, akamfunga vizuri kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule.

"Na hizo funguo," akasema, kwa sauti ya kufika getini, "ukirudi usimpe mtu. Nani anakaa kikao? Mimi nimeshakaa. Haya, nenda sasa."

Mama Kulwa akapiga stata, likawaka. Shija akafungua mnyororo.